Pikapu Imekosa Pumzi Mlimani: Je, Masega Yameziba?

SWALI: Fundi wetu, shikamoo. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1999, yenye injini ya petroli ya lita 2.7, niliyoinunua mwaka 2009, na ndiyo inayonipatia riziki: nashusha kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo, kisha napanda na mbolea au saruji. Tangu mwezi wa tatu imekuwa ikipungukiwa nguvu. Kushuka haina tatizo lolote, na ikiwa imesimama inaunguruma vizuri kabisa, lakini kupanda, hata ikiwa tupu, nafika Soni nikiwa tayari kwenye gia ya pili, na kila nikikanyaga mafuta zaidi inaguna tu bila kwenda. Nimebadilisha pampu ya mafuta, filta na plagi, na nozeli zimesafishwa. Fundi mmoja anasema injini imechoka, ifunguliwe yote. Mwingine anasema nikate masega ya kwenye bomba la moshi nitupe. Sakafu ya upande wa abiria huwa ya moto kiasi kwamba mke wangu hawezi kuikanyaga bila viatu, na kuna harufu ya yai viza. Niseme pia kwamba inakula oili, karibu lita moja kila wiki mbili, na mwaka jana niliiendesha karibu mwezi mzima ikiwa inamisi silinda moja kwa sababu ya waya mbovu wa plagi. Nianzie wapi? Fedha iliyobaki haihimili kukosea tena.
— Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nakushukuru kwa kueleza mambo kwa utaratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya barua yako mwenyewe, hasa katika yale mambo mawili uliyoyataja mwishoni kana kwamba ni ya ziada.

Masega ni kopo la chuma lililopo kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake kuna tofali la udongo maalumu lenye maelfu ya vijitundu vyembamba vilivyopangika kama sega la nyuki, ndiyo maana mafundi wetu wakaliita hivyo, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto wa kutosha, gesi zenye sumu hugeuzwa kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kwa anayezivuta. Vijitundu hivyo vikiziba, moshi hukosa njia.

Injini hupumua kama mtu: isipotoa pumzi, haiwezi kuvuta nyingine. Moshi unaoshindwa kutoka hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa mpya na petroli, na mchanganyiko unaobaki kuungua ni mdogo kuliko ule ambao mguu wako umeuomba. Injini yako ya lita 2.7, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi mwisho, humeza zaidi ya lita 3,000 za hewa kila dakika, na hewa hiyo hutoka ikiwa imetanuka mara kadhaa kwa sababu ya joto. Ikiwa imesimama inaunguruma tu, humeza sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Kwa hiyo masega yaliyobakiwa na njia nyembamba yanaweza kuitosheleza injini iliyosimama, yakaitosheleza pia inaposhuka mlima ukiwa umeachia mafuta, kisha yakaikaba pale tu inapotakiwa kufanya kazi. Hali hiyo ndiyo uliyoieleza. Injini iliyochoka kwa kukosa kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa ndani ya silinda, kwa kawaida huonyesha udhaifu hata inapowashwa asubuhi na hata kwenye tambarare.

Nikuongezee jambo moja la haki kwa gari lako: kutoka Mombo, ambako ni kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, hadi Lushoto kwenye mita 1,400 hivi, hewa yenyewe hupungua uzito kwa karibu asilimia 10, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kupungua huko kulikuwapo tangu siku ya kwanza ulipolinunua, na hakuwezi kukushusha hadi gia ya pili gari likiwa tupu.

Sasa usikate kitu chochote kabla ya kupima. Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji hata kununua kifaa. Injini ikiwa vuguvugu, mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni, kile kipima hewa kilichochomekwa kwenye bomba la moshi kabla ya masega, aifunge pembeni mbali na bomba, aache tundu lake wazi, kisha mwende kwenye kipande kifupi cha mlima mnachokifahamu. Kelele itakuwa kubwa na moshi wa moto utatokea hapo, kwa hiyo hakikisheni hakuna waya wala bomba la mafuta karibu, na msiendeshe zaidi ya dakika chache. Tundu hilo ni dogo, lakini likipunguza mkabo utahisi tofauti mara moja kwenye mguu. Ikiwa nguvu zimerudi hata nusu, umeshajua kwamba kizuizi kiko mbele ya safari ya moshi na si ndani ya injini.

Fundi mwenye geji anaweza kulithibitisha kwa namba. Akifunga geji ya presha kwenye tundu hilohilo, kwa kawaida haitakiwi kuvuka PSI 1.5 injini ikiwa imetulia, wala PSI 3 ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika. Ni kipimo kilekile tunachopimia upepo wa matairi, ila hapa namba ni ndogo sana. Njia nyingine ni geji ya vakyumu, yaani ya kupima mvuto wa hewa ya injini, inayofungwa kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Usawa wa bahari injini nzima iliyotulia huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini mkiwa Lushoto toeni takribani inchi nne na nusu, kwa hiyo 13 hadi 16 isiwashtue. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu injini nzima za milimani zinaweza kufunguliwa bure na fundi aliyesoma geji kwa namba za pwani. Kinachotafutwa si namba ya mwanzo peke yake: shikilieni mzunguko wa 2,500 kwa dakika moja au mbili, na kama mshale unazidi kuporomoka taratibu badala ya kutulia, moshi unarundikana.

Dalili zako nyingine zinaelekea hukohuko. Harufu ya yai viza hutokana na salfa ya kwenye petroli inapogeuzwa ndani ya masega, hasa injini ikiwa inapewa mafuta mengi kuliko hewa. Joto la sakafuni ni onyo zito zaidi. Masega hufanya kazi kati ya nyuzi 400 na 800 za Selsiasi, lakini petroli mbichi ikiyafikia, huungulia humo humo na kuyapandisha joto kupita kiasi. Mpaka utakapomaliza matengenezo, tafadhali usiegeshe pikapu hiyo juu ya majani makavu au mabua shambani.

Na hapa narudi kwenye ule mwezi mzima wa kumisi. Silinda isiyoungua hutapika petroli na hewa yake yote kwenye bomba la moshi. Mchanganyiko huo huwakia ndani ya masega, na ukiendelea hivyo kwa siku nyingi unaweza kuyeyusha lile tofali la udongo mpaka vijitundu vikashikana. Oili nayo ina dawa zenye fosforasi na zinki. Ikiungua, majivu yake hubaki kwenye masega na hayaungui tena kamwe. Masega hayazibi yenyewe. Ukifunga mapya leo huku injini ikiendelea kula oili, utakuwa umenunua miezi michache tu ya nafuu, na hilo ndilo kosa ambalo fedha yako haiwezi kulihimili.

Kwa hiyo, tundu la sensa likishathibitisha, pima kompresheni ya silinda zote nne, kisha angalia moshi. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi asubuhi unapowasha, kisha ukaisha, mara nyingi ni wa sili za valvu, ambazo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa bluu unaotoka muda wote unapokanyaga mafuta ni wa ringi za pistoni, na hapo tu ndipo maneno ya fundi wako wa kwanza yanapoanza kuwa na uzito. Badilisha nyaya zote za plagi, si ule mmoja uliokufa. Masega yaje mwisho. Ukinunua yaliyotumika, yashike kuelekea jua au umulike kwa tochi: mwanga upenye kote, na ukiyagonga kwa kiganja yasicheze ndani. Mwombe fundi pia akague sailensa, kwa sababu vipande vya masega yaliyovunjika husukumwa na moshi hadi humo, na wapo watu waliobadilisha masega wakabaki na tatizo lilelile.

Kuhusu kuyakata na kuweka bomba tupu, siungi mkono, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi wamefanya. Ni kweli nguvu zitarudi. Lakini ugonjwa ulioyaua utabaki umejificha, na moshi ambao masega mazima hupunguza sumu yake kwa zaidi ya asilimia 90 utamwagwa jinsi ulivyo mbele ya akina mama wanaokaa kutwa nzima sokoni pale unapopakia kabichi. Hata ukiamua vinginevyo, kopo la zamani ni mali yako. Madini niliyoyataja yana thamani, na anayekuambia atakutolea masega bila malipo ilimradi aondoke nayo huenda ameshapiga hesabu yake.

SWALI: Nimeshauriwa niloweke masega kwenye petroli na sabuni usiku kucha ili yazibuke. Je, inasaidia?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ikiwa kilichoziba ni masizi mepesi, masizi hayo huungua yenyewe gari likiendeshwa safari ndefu likiwa na joto la kutosha, baada ya kutengeneza kinacholeta mafuta mengi. Ikiwa tofali limeyeyuka au limejaa majivu ya oili, hakuna sabuni itakayolirudisha. Petroli iliyobaki ndani ya vijitundu itakutana na moshi wa moto utakapowasha gari, na madhara yake hayahitaji maelezo marefu. Usifanye hivyo.

SWALI: Naendesha Fuso ya zamani ya dizeli. Nikipanda Kitonga na mzigo linakaba vilevile kama gari lenye masega yaliyoziba, na moshi ni mweusi. Je, nalo lina masega?
— Dereva, Mbeya

JIBU: Fuso za dizeli za miaka ya tisini kwa kawaida hazina masega, lakini zina kitu kinachoweza kuziba moshi kwa ukali zaidi, nacho ni valvu ya egzosi breki, lile jani la chuma linalofunga bomba la moshi ili kukusaidia kushuka mlima. Masizi yakijaa kwenye mhimili wake, au springi ikidhoofika, jani halirudi lote, na lori hupanda Kitonga likiwa nusu limefungwa breki. Zima swichi, injini ikiwa baridi ingia chini ya lori, shika mkono wa valvu hiyo na uusukume: ukisogea hata kidogo zaidi kuelekea upande wa kufunguka, ujue ulikuwa haujafunguka wote. Ufungue, uukwangue masizi, na uangalie kama springi inaurudisha yenyewe mpaka kwenye kituo chake kabla hujagusa pampu ya dizeli.