Shangazi, mkwe anadhani niko mapokezi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Mji Mkongwe. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza stashahada ya muziki. Napiga fidla kwenye hoteli moja Nungwi siku tatu kwa wiki, harusini nikiitwa, na nina wanafunzi wawili. Niliosoma nao sekondari, mmoja yuko benki, mwingine ameshaezeka nyumba Fuoni, wa tatu ana watoto wawili. Mimi bado nalala chumba kimoja na mdogo wangu. Nimepeleka posa, na mshenga kamwambia baba wa binti kuwa nafanya kazi hotelini. Mzee kafurahi, anadhani niko mapokezi. Nikipita mtaani kwao fidla naitia kwenye gunia la mchele. Je, nitafute ajira kwanza ndipo nioe? — Mpiga Fidla*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye gunia. Chumba, benki, bati la Fuoni, hayo yanazungumzika. Lakini fidla uliyoisomea unaificha kama mtu aliyeiba kuku! Na huyo binti akishakuwa mkeo utaipitishia wapi? Dirishani?

Mrudishe mshenga wiki hii hii. Aseme wazi: kijana ni mpiga fidla, amesomea, ana cheti, hotelini anapiga jioni. Mzee anaweza kukataa, sikufichi. Wapo wanaolipia taarabu harusi ya binti yao hadi alfajiri, kisha hawataki kusikia mpigaji akiitwa mkwe. Lakini akatae sasa, mahari haijatoka, kuliko aje kukuona mwenyewe jukwaani siku amealikwa harusini na watu wake. Binti mwenyewe anajua? Hukuandika, na hilo limenitia wasiwasi kuliko yote.

Mzee asipokataa, atauliza jambo moja tu: mwanangu atakula nini? Usimjibu kwa maneno, mjibu kwa daftari. Andika kila shilingi iliyoingia mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Utaona mwenyewe kazi yako ina msimu kama karafuu. Juni hadi Oktoba wageni wamejaa, Desemba na Januari vilevile. Kabla ya Ramadhani watu wanakimbilia kuoza, na baada ya Idi harusi zinarudi. Katikati ni ukame. Na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, masika inaifuata kwa nyuma na hoteli kadhaa zinafunga, kwa hiyo usishangae ukikaa karibu miezi mitatu fidla imelala. Pesa ya Agosti si ya Agosti peke yake. Igawe, ya Aprili uiweke mahali ambapo mkono wako haufiki. Na harusi usiikubali kwa simu tupu: chukua arubuni, andikianeni hata karatasi moja, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Najua aibu ya kumdai bwana harusi asubuhi yake. Marehemu mume wangu alipiga udi, na mara ngapi alirudi nyumbani na sahani ya biriani badala ya malipo!

Mchana alikuwa karani bandarini. Ndivyo walivyokuwa wapigaji wengi wa vikundi vyetu vya taarabu: mchana kazini, usiku klabuni, na hakuna aliyewaona pungufu. Kwa hiyo ajira si dhambi. Ila usiitafute kwa ajili ya kumridhisha mkwe, ukajikuta zamu ya usiku mezani kwa mlinzi na vidole vinakufa ganzi. Mimi ningeongeza wanafunzi kwanza. Wawili wakiwa wanane, una kitu ambacho hakimsubiri mgeni ashuke ndege.

Kuhusu wenzako sina mengi. Wa benki ana mkopo, muulize akiwa peke yake. Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu mjini, na alipokwenda Bombay kurekodi, mwaka 1928, alikuwa anakaribia miaka 50. Sikwambii usubiri hadi hapo kuoa, la hasha! Nakwambia tu hakuna aliyemuuliza alikuwa ameezeka nini akiwa na 27. Wewe hesabu yako: hoteli moja inakuita kila wiki, wazazi wawili wamekuamini na watoto wao, na bila shaka ipo harusi uliyoikataa kwa sababu malipo yalikuwa ya dharau. Kama haipo bado, itakuja, na siku hiyo iandike kwenye daftari lile lile.

Gunia mpe mama atie mchele. Na mzee akishajibu, niandikie, hata akikataa.