Kubadili jina la safu kwenye PostgreSQL bila kuzima mfumo

Mkuu, umesema una seva nne zinazotumia hifadhidata moja ya PostgreSQL, na unataka safu (column) iitwayo simu iitwe namba_ya_simu bila mfumo kulala. Usiguse RENAME COLUMN, amri ya kubadili jina la safu moja kwa moja. Yenyewe inaisha kufumba na kufumbua, ila toleo jipya la programu haliingii seva zote nne kwa mpigo. Kwa dakika kadhaa la zamani na jipya yatakuwa kazini pamoja, na mojawapo litatafuta safu ambayo haipo.

Ongeza safu mpya, ya zamani iache ilipo. Kabla ya ALTER TABLE (amri ya kubadili muundo wa jedwali) andika SET lock_timeout = '2s', yaani isisubiri kufuli zaidi ya sekunde mbili. Hapa ndipo wengi huumia: ALTER TABLE inataka kufuli la jedwali zima. Ikikuta ripoti ndefu bado inasoma, inasubiri, na kila kweri (ombi kwa hifadhidata) inayofuata, hata SELECT ya kawaida, inapanga foleni nyuma yake. Ripoti ya dakika kumi inageuka dakika kumi za mfumo kulala. Ukiweka kikomo, amri inashindwa, foleni inaachiwa, unajaribu tena ripoti ikiisha.

Halafu peleka toleo linaloandika safu zote mbili lakini linasoma ya zamani. Subiri hadi seva ya mwisho ibadilike, pamoja na zile kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) za usiku (hizo husahaulika kila mara), ndipo ujaze safu mpya kwenye rekodi za nyuma kwa kunakili ya zamani. Ukitangulia, seva iliyobaki na toleo la zamani itabadili namba ambazo umeshanakili. Jaza rekodi 1,000 hadi 5,000 kwa muamala (transaction) mmoja, ukifuata id. UPDATE moja ya jedwali zima inashikilia rekodi hadi imalize na kuiachia VACUUM, inayosafisha nakala za zamani za rekodi, mzigo. Hesabu rekodi zenye namba_ya_simu IS DISTINCT FROM simu, yaani ambazo safu hizo mbili zinatofautiana. Jibu liwe 0.

Sasa toleo lisome safu mpya, bado likiandika zote mbili. Ukiacha kuandika ya zamani mapema, siku ya kurudisha toleo la nyuma utakuta namba zilizopitwa na wakati.

Toleo la mwisho ndilo liache safu ya zamani. Kama ina NOT NULL (sharti kwamba isiwe tupu), ondoa sharti hilo kwanza, la sivyo kila INSERT ya rekodi mpya itakataliwa. DROP COLUMN, ya kufuta safu ya zamani, ije baadaye, kwa lock_timeout ileile.