Game Boy ya LEGO: vipande 421 vinatosha?

Ndugu, umeuliza kama seti hii ya LEGO ya Game Boy, ile mashine ya Nintendo ya michezo ya mkononi, ina raha yoyote kwa mtu mzima, maana vipande ni 421 tu na haichezi mchezo wowote. Mimi nakwambia ichukue. Vipande ni vichache kwa sababu wameijenga karibu sawa kwa ukubwa na mashine yenyewe ya 1989, inakaa kiganjani vilevile. Kilichoniteka ni vitufe! Ukibonyeza A na B vinazama kidogo kisha vinarudi, na kidole gumba kinakumbuka kabla ya macho. Katriji, kile kikasha cha mchezo, unaichomeka kwa nyuma. Skrini zinabadilishwa, na ukiiinamisha huku na huku picha inasogea, bila betri wala waya. Nimeirudia hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ila kweli, inaisha jioni moja. Kama unachopenda ni kukaa na ujenzi usiku baada ya usiku, tafuta ile seti ya LEGO ya 2020 ya NES, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo kwenye runinga: vipande 2,646, pamoja na runinga ya kizamani yenye mkono wa kuzungusha, na Mario, yule mhusika wa mchezo, anakwenda kwenye kioo. Ukiifungua yako, vitufe vipange taratibu, vikikaa upande havirudi vizuri.