Upinde mrefu au rikevu? Pima mikono yako kwanza

Upinde wangu wa kwanza wa mchezo ulifika Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa basi la usiku, umeviringishwa kwenye blanketi. Ulikuwa upinde mrefu wa inchi 66, wa mbao na faiba, na karibu na kishikio uliandikwa kwa wino: ratili 45 kwa inchi 28. Nilisoma 45 nikaridhika. Ile 28 sikuijali, na ndiyo iliyoniumiza bega.

Watengenezaji hupima uzito wa upinde, yaani nguvu ya kuuvuta, ugwe ukiwa umevutwa inchi 28. Ukivuta zaidi ya hapo, kila inchi huongeza ratili mbili hadi tatu. Mimi nimetoka ukoo wa watu warefu. Nikinyoosha mikono pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni inchi 75. Gawanya kwa 2.5, unapata 30, ndizo inchi ninazovuta. Kwa hiyo nilikuwa navuta karibu ratili 50, nami sijafundishwa hata kusimama. Baada ya wiki tatu ugwe ukawa unaniponyoka kabla mkono haujafika shavuni, na jioni nilishindwa kuinua jerikeni ya maji kwa mkono wa kulia.

Nikaupeleka kijijini, upande wa Vurra, kwa babu yangu mdogo aliyetumia upinde ujanani. Aliusimamisha juu ya kiatu chake, akautazama juu hadi chini, akanirudishia. "Vuta nione." Nikaunyanyua kuelekea mawinguni ili nipate nguvu ya kuuvuta, kama nilivyozoea. Akanizuia. "Mjukuu wangu, huu ndio unaokuvuta wewe." Kisha akatoa wake ndani: fimbo nyeusi kwa mafuta ya mkono, haina mkunjo wowote kwenye ncha. Akauvuta polepole mpaka kidole gumba kikagusa taya, akatulia hapo, akaurudisha taratibu bila kuuachia. Ugwe ukiachiwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mabawa ya upinde, zile pande mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio, nayo hupasuka. Hilo aliniambia mara mbili.

Sasa vijana wanaponiuliza wanunue upinde mrefu au rikevu, ule wenye ncha zilizokunjwa, nawauliza mikono yao ina inchi ngapi. Wengi hawajapima.

Upinde mrefu ukishatiwa ugwe ni tao moja, na ugwe hugusa ncha mbili tu. Rikevu ncha zake zimegeuka kuelekea shabaha, na ugwe hulala juu ya ile mikunjo. Unapovuta, mikunjo hufunguka kidogo kidogo, ndiyo maana mwisho wa mvuto huwa laini na mshale hutoka kwa kasi kuliko upinde mrefu wenye uzito ule ule. Kwenye Olimpiki rikevu ndiyo inayotumika, ingawa ile ina vifaa vingi ambavyo sisi wa upinde wa asili hatufungi. Wapanda farasi wa nyika za Asia walizipenda ncha za namna hiyo kwa sababu zilitia nguvu nyingi ndani ya upinde mfupi usiogonga farasi. Waingereza waliopiga mishale wakiwa wamesimama ardhini walichukua upinde mrefu; kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zikimpita mtu kwa urefu.

Nasi tunapiga tukiwa tumesimama. Mtu mwenye mikono mirefu akichukua rikevu ya inchi 58 kwa sababu ni nzuri kubeba kwenye boda boda, akiivuta yote ugwe unakunjana kwa pembe kali na kubana vidole, na mshale unakwenda kando. Kama mvuto wako ni inchi 29 au 30, tafuta rikevu ya inchi 64 na kuendelea, au upinde mrefu wa 68. Mwenye mvuto wa 26 hana shida hiyo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni rikevu ya kufunguliwa, ile ambayo mabawa yake yamefungwa kwenye kishikio kwa bolti, na aanze na ratili 25, au 20 kwa mwenye mwili mdogo. Hapa Arua sijaona duka la pinde za mchezo. Kila kosa la uzito unalipa kwa kuagiza tena kutoka mbali, na kwa rikevu hiyo unaagiza mabawa tu. Tena kishikio chake ni kizito, hutuliza mkono wa kushoto. Upinde mrefu ni mwepesi; mshale ukitoka unahisi mshtuko mpaka kwenye kiwiko, na asiyejua hukaza ngumi na kuharibu shabaha. Ukiweza kuvuta na kushikilia hesabu ya kumi bila kutetemeka, uzito huo ni wako.

Rikevu inadai uangalifu, lakini. Usiitie ugwe kwa kuipitisha katikati ya miguu, mabawa yatajipinda upande. Tumia kamba ya kuvishia ugwe. Wala usiiache ndani ya gari juani. Rafiki yangu aliiacha Pakwach mchana mmoja tu, gundi ikaachia.

Mishale natengeneza mwenyewe kwa mianzi mikavu, na manyoya ya bata mzinga. Manyoya ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, kulia au kushoto, usichanganye. Plastiki haifai mshale unapolala juu ya kishikio chenyewe, kwani hugonga na kuupotosha mshale. Kwa upinde mrefu nachagua mianzi inayonepa zaidi, maana mshale lazima uzunguke unene wa kishikio. Shabaha ni gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, mbele ya kichuguu kirefu ili mshale uliokosea usivuke kwenda njiani. Napiga magunia tu; kuwinda wanyama pori bila kibali Uganda ni kosa la jinai.

Upinde mrefu niliurudia baada ya mwaka na nusu, mwingine, wa inchi 70 na ratili 35. Naupenda kwa ukimya wake, na kwa kuwa unanikumbusha ile fimbo nyeusi ya babu. Rikevu niliyotumia katikati hapo nimemwachia binti wa dada yangu. Tulifungua bolti mbili, tukatia mabawa ya ratili 20, na siku hiyo hiyo jioni akaanza kupiga gunia kutoka hatua kumi.