Faili Lisitegemee Kumbukumbu ya Mtu Mmoja

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa afisa wa kumbukumbu katika taasisi moja hapa Mombasa, alifika mama mjane kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Mkononi alikuwa na barua moja tu, imekunjwa mara nne, yenye namba ya faili iliyoandikwa kwa kalamu. Tulilitafuta faili hilo kwa siku nyingi. Daftari la masjala, yaani chumba cha kupokea barua na kutunza mafaili, lilionyesha kwamba faili lilifunguliwa, lakini halikuonyesha lilikokwenda. Mama aliendelea kuja, akilipa nauli ya matatu kutoka Mshomoroni, nasi kila mara tukimwambia arudi wiki inayofuata. Mwishowe mkubwa wetu alimpigia simu mzee aliyekuwa karani wa masjala kabla ya kustaafu. Asubuhi ya pili mzee alivuka feri ya Likoni, akaingia ofisini, akauliza ni nani aliyeshughulikia mafao mwaka ule, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati la afisa aliyekuwa amehamishwa zamani. Faili lilikuwamo, chini ya rundo la magazeti.

Wenzangu walimsifu mzee kwa kukumbuka mambo. Mimi nilishikwa na hofu, kwa sababu nilitambua kwamba haki ya mjane yule ilitegemea afya ya mzee mmoja na simu yake kuwa na chaji. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kazi ya kutunza kumbukumbu ni kuhakikisha kila anachokijua karani kuhusu faili kinajulikana pia na masjala yenyewe, hata karani akiwa likizoni, akiwa mgonjwa au akiwa amestaafu.

Tunapozungumzia utendaji wa taasisi, hutaja mafunzo, mishahara na kompyuta mpya, na masjala husahauliwa. Hata hivyo, afisa mwenye shahada na bidii hawezi kuamua jambo iwapo jalada lenye barua za awali halipo mezani pake. Ataandika barua ya kuuliza yaliyokwisha kujibiwa, au ataahirisha, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ataamua kinyume na ahadi ambayo taasisi ilikwisha kuitoa kwa maandishi. Nimewahi kuona msambazaji wa vifaa akilipwa mara mbili kwa ankara ileile, kwa kuwa nakala moja ililetwa na tarishi na nyingine ikaja kwa barua pepe, kila moja ikawekwa katika faili lake, na kila faili likapelekwa kwa mhasibu wake. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mafaili mawili ya mtu mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jambo moja liwe na faili moja, na masjala peke yake ndiyo iwe na ruhusa ya kufungua faili jipya. Kila barua inayoingia ipigwe muhuri wa tarehe, iandikwe katika daftari la barua zinazoingia, itiwe ndani ya faili husika na kupewa namba ya ukurasa kabla ya kumfikia mkubwa yeyote. Namba hiyo ya ukurasa huonekana jambo dogo, lakini ndiyo inayomfichua mtu anayechomoa karatasi, kwa maana ukurasa wa 14 ukifuatwa na wa 16 hapahitajiki uchunguzi mrefu kujua kwamba kuna kilichoondolewa.

Ushauri wa pili, ambao ningeushikilia hata kama mengine yote yangeachwa, unahusu mwendo wa mafaili. Faili likitoka kwenye rafu, mahali pake paachwe kadi iliyoandikwa jina la aliyelichukua na tarehe. Sehemu hiyo wengi huifanya. Linalowashinda ni pale afisa wa kwanza anapomaliza kazi yake na kumpelekea mwenzake faili kwa mkono, juu kwa juu, bila masjala kujua. Hapo ndipo mafaili hupotelea. Sisi tulitengeneza vijikaratasi vya kuhamisha faili, vikawekwa mezani kwa kila afisa, na kila Ijumaa asubuhi karani akapita ofisi hadi ofisi na orodha yake kuthibitisha kila faili liko kwa nani. Maafisa wakubwa walinung'unika mwanzoni, wakihisi wanakaguliwa na mtu wa cheo cha chini. Ilibidi mkurugenzi mwenyewe akubali droo zake zifunguliwe kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyepinga.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu. Hewa yetu ni ya joto na chumvi, na mvua za masika zikianza, karatasi zilizobanwa gizani huota ukungu kwa kasi inayowashangaza watu waliotoka bara. Nimefungua kabati la chuma baada ya masika nikakuta pini zimeshika kutu na kutoboa hati, na wino umesambaa hata sahihi haisomeki. Rafu ziinuliwe kutoka sakafuni na zisigusane na ukuta wa nje, madirisha yafunguliwe siku kavu ili hewa ipite, na mafaili yasifungwe ndani ya mifuko ya plastiki, kwa kuwa mfuko hufungia unyevu ndani pamoja na karatasi. Pini na vibanio vya chuma viondolewe kwenye majalada yatakayohifadhiwa kwa muda mrefu. Mchwa nao hupenda vyumba vya chini visivyoingiwa na mtu, na kwa sababu hiyo stoo ya kumbukumbu ikaguliwe kila mwezi hata kama hakuna anayehitaji kitu.

Kuhifadhi kila kitu milele pia ni kosa, maana stoo iliyofurika huficha hati muhimu. Sheria za Kenya zimetupa vipimo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inadai nyaraka za kodi zitunzwe kwa miaka 5, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo inataka kumbukumbu za kila zabuni zihifadhiwe kwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka 5 baada ya mfanyakazi kuondoka. Andikeni ratiba ya muda kwa kila aina ya hati na uongozi uitie sahihi. Ofisi za serikali zikumbuke kwamba kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini ya Idara ya Nyaraka za Taifa, hata kama zimeliwa na mchwa.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Kuskani mafaili yaliyovurugika huzaa vurugu ileile ndani ya mashine, tena ngumu zaidi kuiona. Pangeni kwanza, kisha skanini. Muwe na nakala rudufu iliyo katika jengo jingine, na mkumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu pia faili la karatasi lenye maelezo ya ugonjwa wa mfanyakazi lililoachwa wazi mezani.

Linaloniuma zaidi ni jinsi tunavyowapeleka masjala watu tuliokosa pa kuwaweka, wengine kama adhabu. Karani wa masjala hushika siri za mishahara, za nidhamu na za mikataba, naye hupewa chumba kisicho na dirisha. Mpeni mafunzo, mpeni msaidizi, na muulizeni maoni yake kabla ya kununua programu yoyote.

Sisi tulichelewa, lakini baada ya kisa cha mjane tulimwomba mzee wetu arudi kwa wiki mbili kwa malipo. Kila asubuhi alikaa nami, akieleza ni kwa nini mafaili ya ardhi yaligawanywa mara mbili, ni namba zipi zilirukwa, na ni majalada gani yalihamishiwa stoo tulipobadilisha jengo, nami nikaandika. Daftari lile bado lipo masjala, na karani mpya hukabidhiwa siku yake ya kwanza, kabla ya kukabidhiwa funguo.