Maswali ya Wasomaji: Printa Kubwa Inayomaliza Wino kwa Kujisafisha

SWALI: Ndugu Mhariri, nina studio ya picha hapa Moshi. Nilinunua printa ya wino iliyokwisha kutumika, ya upana wa inchi 24, ili nichapishe picha kubwa za harusi na za Mlima Kilimanjaro ambazo wageni huzipenda. Baada ya kukaa wiki tatu bila kazi, anga katika kila picha hutoka na michirizi. Nimeisafisha mara tano, katriji mbili zimekwisha, na michirizi ipo palepale. Je, niiuze, kazi zangu niwe nazipeleka Arusha?
Mpiga picha, Moshi

JIBU: Ndugu yetu, kwanza acha kuisafisha. Kila usafishaji hunyonya wino wa katriji na kuumwaga katika tangi la wino taka, ambalo nalo likijaa hununuliwa jingine. Tena usafishaji wa mfululizo unaweza kuingiza hewa kwenye matundu ya kichwa, yaani sehemu ya printa inayorusha wino kwenye karatasi, ukakosa hata rangi zilizokuwa zikitoka vizuri.

Chapisha karatasi ya kupima matundu, ambayo ilipaswa kutangulia yote. Ukiona vistari vya rangi fulani vimekatika, wino umeganda humo: safisha mara moja tu, uiache usiku kucha ili wino mbichi uulainishe ule uliokauka, kisha upime tena asubuhi. Ukiona vistari vyote ni vizima, kichwa hakina kosa, na wino wote ule umepotea bure. Tazama kama aina ya karatasi uliyoichagua katika programu ndiyo iliyomo mashineni, kisha urekebishe usogezaji wa karatasi. Anga ndiyo huumbua kasoro hizi, kwa kuwa michirizi ileile katika picha ya msitu usingeiona.

Ni vyema pia kujua kichwa chako ni cha aina gani. Printa za Epson husukuma wino kwa kipande kinachojikunja kipitapo umeme, na kichwa chake kimekusudiwa kudumu na mashine, hivyo kukibadilisha ni gharama nzito. Canon na HP huupasha wino moto hadi kiputo kiusukume nje. Vichwa vya namna hiyo huchakaa, lakini katika mashine zao nyingi kubwa mwenyewe unaweza kukibadilisha.

Kuhusu kuganda, adui zako ni ukavu, vumbi na umeme unaokatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi bila kurudi kwenye kifuniko chake, na wino hukauka. Kwa hiyo UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ule wa kawaida ukikatika, si anasa, na mashine izimwe kwa kitufe chake, kamwe si kwa swichi ya ukutani. Unyevu wa chumba ukiwa kati ya asilimia 40 na 60 unafaa. Miezi mikavu, beseni la maji karibu na mashine husaidia kiasi. Kila wiki chapisha picha ndogo yenye rangi zote, hata kama hakuna mteja.

Kuuza? Kama kazi zako kubwa hazifiki hata moja kwa wiki, ndiyo, uza, kwa sababu wino utakaoupoteza kuiweka hai utazidi nauli ya kwenda Arusha. Ukibaki nayo, au ukinunua nyingine iliyotumika, mtake muuzaji aizime usiku mzima, kisha achapishe kipimo cha matundu mbele yako kabla hujatoa fedha.