Jiwe la Pande Sita Kisimani: Je, ni Almasi?

SWALI: Tunachimba kisima nyumbani, Ikolomani, Kakamega. Fundi ametoa jiwe linaloonekana kama kioo, lenye pande sita na ncha iliyochongoka. Nimekwaruza nalo kioo cha dirisha likaacha alama. Majirani wanasema ni almasi. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana, dada. Hiyo ni fuwele (jiwe lililojijenga lenyewe kwa nyuso bapa) ya madini yaitwayo kwatzi. Kukwaruza kioo hakutoshi kuthibitisha almasi: kwa kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kioo ni kama 5.5, wa kwatzi ni 7 na wa almasi ni 10, kwa hiyo yote mawili yatakikwaruza. Lishike juani uligeuze polepole. Kwenye zile pande sita utaona mistari myembamba iliyolala kukingama urefu wa jiwe. Hiyo ni sahihi ya kwatzi. Almasi kwa kawaida huwa na nyuso nane, mfano wa piramidi mbili zilizogusana vitako.

Ukitaka kuhakikisha, lipime kwa mizani ya sonara, kisha ulizamishe kwenye chombo chenye vipimo. Kwatzi ya gramu 26.5 itapandisha maji mililita 10. Almasi ya uzito huohuo ingepandisha 7.5 tu.

Kwatzi ni silikoni na oksijeni zilizoungana, yaani silika. Maji ya moto sana huko chini huyeyusha silika kutoka kwenye miamba, yakapanda kupitia nyufa, na yakipoa silika hujijenga kwenye kuta za ufa. Penye nafasi fuwele hukua hadi kutoa ncha, kama hilo lako; penye msongamano hupatikana jiwe jeupe kama maziwa. Mishipa ya jiwe hilo jeupe ndiyo wachimbaji wa Kakamega wanayoifuata tangu miaka ya 1930, kwa sababu maji yaleyale yalibeba dhahabu pia. Lakini mishipa mingi haina kitu.

Jiwe lako halina bei kubwa, ingawa ndugu zake wamo hata kwenye saa ya mkononi: kipande cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde na kuhesabu muda.

Ninachokuomba sana ni hiki: kama watu watavutiwa na dhahabu, asiyaponde mtu mawe hayo makavu. Vumbi lake hutia mapafu makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Leso ya mdomoni hailizuii. Mawe yalowanishwe kabla ya nyundo ya kwanza, na watoto wakae mbali.